Ibn al-Haytham: Mwanachuoni Aliyeifuatilia Njia ya Nuru

Kila mwaka jarida letu hutenga kurasa chache kwa maisha ya mmoja katika wanavyuoni waliotutangulia. Aghalabu huwa tunawaandika mafakihi, wafasiri na wapokezi wa Hadithi. Safari hii tumemchagua mtu aliyeutumia umri wake kwa suala moja kubwa: nuru inasafiri vipi, na jicho linaona vipi. Wanafunzi wetu wanaokwenda skuli asubuhi na madrasa jioni wamekwishafundishwa kwamba mwanga hupita kwa mstari ulionyooka na kwamba hupinda ukiingia majini. Ni vyema wajue kwamba mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kabisa ya kuyathibitisha mambo haya, jaribio baada ya jaribio, aliandika kwa Kiarabu, na kwa mujibu wa waliosimulia habari zake alikula jasho lake kwa kunakili vitabu karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar.

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra, kusini ya Iraq, kiasi cha mwaka 354 H (965 M). Wazungu walimwita Alhazen, na hilo ni lile lile al-Hasan lililopita katika ndimi za Kilatini. Mwanafunzi akikutana nalo katika kitabu cha fizikia asidhani ni mtu mwingine.

Basra ya wakati huo ilikuwa bandari na mji wa elimu, chini ya watawala wa Kibuwayhi, na khalifa wa Bani Abbas akiwa Baghdad. Vitabu vya Wayunani vilikuwa vimekwishafasiriwa kwa Kiarabu karne iliyotangulia. Kijana aliyetaka kusoma hesabati aliweza kumsoma Euclid, ambaye Waarabu humwita Uqlidis, na Ptolemy, ambaye humwita Batlamyus, bila kujua neno la Kiyunani. Ibn al-Haytham aliwasoma wote wawili, akawasoma na wengineo.

Kilichompeleka Misri ni kisa alichokisimulia Ibn al-Qifti, mwandishi wa tarekhe za wanavyuoni aliyefariki mwaka 646 H (1248 M). Anasema Ibn al-Haytham alikuwa akieleza kwamba lau angekuwa Misri angefanya jambo katika mto Nile ambalo watu wangenufaika nalo maji yakijaa na yakipungua. Maneno yale yalifika kwa al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala tangu mwaka 386 H hadi 411 H. Khalifa akampelekea mali na kumwita, na alipowasili akatoka mwenyewe kwenda kumlaki nje ya mji wa Cairo. Heshima hiyo kwa mwenye akili ilikuwa pia ni onyo, kwani al-Hakim alijulikana kwa kuwaua watu wake wa karibu pale moyo wake ulipobadilika.

Akaondoka na mafundi kuelekea kusini mpaka mahali panapoitwa al-Janadil, upande wa Aswan, ambako mto hupita kwenye majabali. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa na kusimamishwa kwa ustadi. Akajiambia kwamba watu waliojua kujenga namna ile, lau jambo lile lingewezekana, wasingeliacha. Akatazama mto, akaona hauwezi kuzuilika kwa vyombo alivyokuwa navyo. Akarudi kwa khalifa akasema kweli: ameshindwa.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Fikra yake haikuwa ya kipuuzi. Katika eneo hilo hilo la Aswan, kiasi cha miaka 950 baadaye, lilijengwa Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, na kazi hiyo ilihitaji mashine na wafanyakazi kwa maelfu. Fikra ilikuwa sahihi ila wakati wake haujafika. Lakini kumwendea mtawala wa namna ile na kumwambia kwamba mali aliyoitoa imepotea, hilo si jambo dogo.

Al-Hakim alimpokea udhuru wake na kumpa kazi serikalini. Ibn al-Haytham akaishika kwa khofu. Inasimuliwa kwamba hakuona njia ya kujiepusha nayo ila kujifanya mwendawazimu. Mali yake ikazuiliwa, naye akawekwa nyumbani kwake chini ya uangalizi mpaka al-Hakim alipokufa mwaka 411 H (1021 M), ndipo akaidhihirisha akili yake. Hata hivyo, waandishi wa tarekhe hawakukubaliana katika khabari hii. Ibn Abi Usaybi'a, aliyeandika baada ya Ibn al-Qifti, ametaja pia masimulizi mengine yanayosema kwamba kujifanya mwendawazimu kulikuwa Basra, ili aachiwe kazi ya serikali huko. Ama hadithi inayopendwa siku hizi, kwamba aligundua siri ya nuru pale alipouona mwali ukipenya tunduni katika kifungo chake, tunaiona ni mapambo ya wasimulizi wa zama zetu. Mambo aliyoyafanya hayakuja kwa mwali mmoja.

Baada ya hapo alikaa karibu na al-Azhar. Ibn al-Qifti anasema kila mwaka alikuwa akinakili vitabu vitatu vya hesabati na falaki, kikiwemo kile cha Euclid na Almagest cha Ptolemy, na kuviuza kwa dinari 150 za Kimisri, na hizo ndizo zilizokuwa riziki yake ya mwaka mzima. Jambo la Almagest tutalirejea.

Sasa tuingie katika elimu yenyewe. Wakati wake watu waligawika juu ya namna tunavyoona. Watu wa hesabati, kina Euclid na Ptolemy, na katika Waislamu al-Kindi, walisema miali hutoka jichoni ikakigusa kitu, mfano wa kipofu anayepapasa kwa bakora. Wafuasi wa Aristotle walisema hakitoki kitu jichoni. Sura ya kitu ndiyo inayolijia jicho kupitia hewani. Kundi la kwanza lilikuwa na mistari na pembe za kupimia, lakini lilikosea upande wa safari. Kundi la pili lilipatia upande, lakini halikuwa na cha kupimia.

Ibn al-Haytham alianza na mambo ambayo kila mtu anayajua. Ukilitazama jua, jicho linauma. Ukitazama kitu chenye mwanga mkali kisha ukafumba macho, alama yake hubaki machoni kwa muda. Basi nuru ndiyo inayolifanyia jicho kitu. Tena, ukifumbua macho usiku unaziona nyota papo hapo. Je, katika kufumbua huko jicho dogo limetoa kitu kilichoijaza mbingu? Na hata tukikubali kwamba jicho hutoa kitu, basi kitu hicho lazima kirudi na khabari ndipo tuone. Ikiwa khabari lazima ije jichoni, kile kinachotoka kina kazi gani?

Kisha akachukua hesabati ya kundi la kwanza akaigeuza upande. Akasema kila nukta ya kitu chenye mwanga hutoa nuru pande zote kwa mistari iliyonyooka, na kila kinachoangaziwa huitoa tena nuru hiyo vivyo hivyo. Haya aliyaandika katika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, chenye maqala saba, alichokitunga katika miongo ya mwanzo ya karne ya 5 Hijria.

Jaribio tunalolipenda zaidi katika kitabu hicho ni la kandili. Ziwekwe kandili kadhaa mahali mbalimbali, zote zikielekea tundu moja la chumba chenye giza. Ndani, ukutani, vitaonekana vidoa vya mwanga kwa idadi ya kandili. Funika kandili moja: kidoa kimoja tu kitatoweka, kile kilicho mkabala nayo, na vilivyobaki havibadiliki. Ifunue, kidoa kinarudi mahali pake. Ni jambo jepesi, na mwanafunzi anaweza kulifanya nyumbani kwa tochi mbili na boksi la kadibodi lenye tundu. Lakini tazama linasema nini. Nuru zote zile zimepita katika tundu moja, zimekatana humo humo, wala hazikuchanganyika. Lau zingechanganyika, kufunika kandili moja kungeviharibu vidoa vyote. Na kila kidoa kikiwa mkabala sawasawa na kandili yake, maana yake njia ni mstari ulionyooka. Katika jaribio moja amepata dalili mbili.

Aliandika pia risala kuhusu sura ya jua linapopatwa. Chini ya mwembe, siku za kawaida, kwenye kivuli huonekana vidoa vya mwanga vya mviringo. Kila kidoa ni sura ya jua lililopenya upenyo mdogo baina ya majani. Jua likipatwa vidoa hivyo hubadilika nalo. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa mkoani Mbeya kuliona jua likipatwa katikati na kubaki pete, yeyote aliyekuwa na kipande cha kadibodi chenye tundu dogo aliweza kuitazama pete hiyo chini bila kuyadhuru macho yake. Ibn al-Haytham alieleza kwa vipimo kwa nini tundu likiwa dogo sura ya mwezi mchanga hutokea, na likipanuliwa sura hiyo hupotea na kubaki umbo la tundu. Wako wanaosema kwa sababu hiyo kwamba yeye ndiye aliyevumbua kamera. Hatupendi kutia chumvi: chumba cha giza kilijulikana kabla yake, na picha ya kudumu ilikuja karne ya 19. Yeye alikifanya chumba hicho kuwa mahali pa kupatia dalili, na hilo linamtosha.

Jambo moja hakulipatia. Ikiwa kila nukta ya kitu hupeleka nuru kila sehemu ya jicho, kwa nini hatuoni vurugu tupu? Alijibu kwamba jicho huujali mwali ule tu unaoingia wima. Johannes Kepler, Mjerumani aliyekuwa amekisoma kitabu cha Ibn al-Haytham kwa Kilatini, alionyesha mwaka 1604 kwamba lenzi ya jicho huikusanya upya miali iliyotoka nukta moja na kuiweka nukta moja nyuma ya jicho.

Maqala ya saba ndiyo inayozungumzia nuru inapotoka kitu angavu kimoja kuingia kingine, kama hewa na maji, au hewa na kioo. Kwa kazi hii alieleza namna ya kutengeneza chombo cha shaba cha duara chenye ukingo uliogawanywa kwa daraja na dakika. Nuru ya jua hupitishwa matundu mawili madogo, chombo kimezama nusu majini, na mtu husoma ukingoni mwali umeangukia wapi. Akaona mwali ukiingia wima hupita bila kupinda. Ukiingia kwa mshazari kutoka hewani kwenda majini, huinamia upande wa mstari wa wima, na ukitoka majini kwenda hewani hujitenga nao. Ndiyo sababu penseli katika gilasi ya maji huonekana kama imevunjika, na mvuvi wa mkuki hujifunza kulenga chini kidogo ya pale anapomwona samaki.

Kwa nini unapinda? Hapa alipiga mfano wa mpira wa chuma unaotupwa kwenye ubao mwembamba. Ukitupwa wima huutoboa. Ukitupwa kwa mshazari hukengeuka. Akaugawa mwendo wa nuru sehemu mbili, ya wima na ya kando, akasema kitu kizito huupinga mwendo huo na nuru hupungua kasi ndani yake. Kwake nuru ilikuwa na mwendo unaochukua muda, ingawa hatuuhisi. Suala la kasi lilibaki na ubishi karne nyingi. Fikra ya Isaac Newton ilimaanisha kinyume, kwamba nuru huongeza kasi majini. Mwaka 1850, Mfaransa Léon Foucault aliipima, ikaonekana inapungua majini. Leo tunajua ni kiasi cha kilomita 225,000 kwa sekunde majini na karibu 300,000 hewani.

Kanuni ya hesabu inayofunga pembe hizo mbili hakuiweka kitabuni mwake. Inasikitisha, kwa sababu Ibn Sahl, aliyeandika Baghdad kiasi cha mwaka 374 H (984 M) juu ya lenzi za kuunguzia, alikuwa ameuchora uwiano huo huo unaoitwa leo kwa jina la Mholanzi Snell, aliyeupata mwaka 1621. Ibn al-Haytham alizijua kazi za Ibn Sahl. Kurasa za Ibn Sahl zilitawanyika, mpaka mtafiti Roshdi Rashed alipoziunganisha na kuzitangaza mwaka 1990.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, elimu hii imemalizika? Kwa Ibn al-Haytham, maji ni maji mpaka chini na kioo ni kioo mpaka mwisho. Nuru hupinda mpakani tu. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba kitu kikipangwa ndani kwa mpangilio unaojirudia, kwa mfano matundu madogo yaliyo safu safu, na umbali baina yao ukakaribia urefu wa wimbi la nuru, basi mpangilio wenyewe ndio unaoamua nuru ipi ipite na ipi irudishwe. Vitu hivi tunaweza kuviita fuwele za nuru. Vya asili vipo pia: rangi za jiwe la opali na za mbawa za baadhi ya vipepeo zinatokana na mpangilio wa namna hii, wala si rangi iliyopakwa.

Kisha mwaka 2004 huko Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga grafini kwa gundi ya karatasi kutoka kwenye grafaiti, ule weusi wa ndani ya penseli. Grafini ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, uliopangwa pembe sita sita kama sega la nyuki, na elektroni hukimbia humo kama hazina uzito. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Wataalamu wa nuru wakauliza: tukilipanga sega kama hilo kwa vijiti au matundu, nuru nayo itafanyaje? Ikaonekana kwamba kwa masafa fulani nuru huzifuata kanuni zile zile za elektroni katika grafini. Mwaka 2008 Duncan Haldane na Srinivas Raghu walikokotoa kwamba fuwele ya aina hiyo, ikiongezwa athari ya sumaku, inaweza kuifanya nuru ipite ukingoni upande mmoja tu, na ikikuta kizuizi ikizunguke badala ya kurudi nyuma. Mwaka uliofuata jambo hilo lilishuhudiwa huko MIT, Marekani, kwa fuwele ya vijiti vilivyopangwa miraba na mawimbi ya jamii ya yale ya oveni ya maikrowevu. Hatusemi kwamba Ibn al-Haytham aliyajua haya. Hakujua kwamba nuru ina mawimbi. Lakini suala ni lake: njia ya nuru inategemea nini katika kile inachopita, na tutahakikishaje?

Tulisema tutarejea kwenye Almagest. Ptolemy ndiye aliyekuwa imamu wa falaki kwa miaka karibu 900, na kitabu chake ndicho ambacho Ibn al-Haytham alikinakili kila mwaka ili apate kula. Alikijua herufi kwa herufi. Na ni yeye huyu aliyetunga kitabu kinachoitwa al-Shukuk ala Batlamyus, yaani shaka juu ya Ptolemy, akazionyesha sehemu ambazo mwanachuoni yule anajipinga mwenyewe, katika Almagest na katika vitabu vyake vingine viwili. Mwanzoni mwa kitabu anaeleza kwamba wanavyuoni si watu waliokingwa na makosa, na kwamba anayeitafuta haki hapaswi kuwadhania wema tu waliotangulia, bali azihoji kauli zao kwa hoja, na wakati huo huo aituhumu nafsi yake, isije ikawa inachuki au inalegea. Hakumtukana Ptolemy. Alimsifu, kisha akamhoji. Wanafunzi wetu wanaofikiri kwamba kumheshimu mwalimu na kumuuliza suala zito haviwezi kukaa pamoja, wamsome mtu huyu.

Alifariki Cairo kiasi cha mwaka 430 H (1040 M), Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitab al-Manazir kilifasiriwa kwa Kilatini kiasi cha mwaka 1200 M, na kikapigwa chapa mjini Basel mwaka 1572. Tafsiri hiyo ilikosa milango mitatu ya mwanzo, ambamo ndimo alimoeleza njia yake ya utafiti na sifa za nuru, na kwa hivyo Ulaya ilimsoma karne nyingi bila kuuona utangulizi wake. Upande wa Waislamu kitabu kilinyamaziwa muda mrefu, mpaka Kamal al-Din al-Farisi, karibu miaka 250 baadaye, alipokiandikia sharhe na kuutumia mpira wa kioo uliojazwa maji kueleza upinde wa mvua.

Maandishi ya Kiarabu ya maqala tatu za mwanzo, pamoja na milango ile iliyokosekana, yalichapishwa Kuwait mwaka 1983 kwa kazi ya Abdelhamid Sabra. Miongoni mwa nakala kongwe alizozitegemea, zinazohifadhiwa Istanbul, ipo iliyoandikwa Basra mwaka 476 H, kiasi cha miaka 46 baada ya kufa mtungaji, na aliyeinakili alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake.